Figo mpya kwa mtoto: Tiba inayoanzia nyumbani na kuishia nyumbani

MTOTO anapoamka macho yakiwa yamefura, wazazi wengi hudhani ameumwa na mdudu usiku au amelala vibaya. Kufikia adhuhuri uvimbe huwa umepungua, mtoto akaenda kucheza na wenzake, na jambo hilo likasahaulika. Majuma machache baadaye miguu nayo huanza kuvimba, mkojo hutoa povu au hugeuka rangi ukawa kama chai ya rangi, na mtoto aliyekuwa mchangamfu huwa mchovu asiyetamani chakula.

Si kila mtoto mwenye dalili hizo hupoteza figo zake. Wengi hupona wakitibiwa mapema. Lakini wapo ambao hufikishwa hospitalini wakati figo zao zimebakisha chini ya asilimia 15 ya uwezo wake. Hapo mzazi huambiwa maneno mawili ambayo huenda hakuwahi kuyafikiria kuhusu mtoto: kusafishwa damu na kupandikizwa figo.

Madaktari wa watoto wanakubaliana kuwa upandikizaji ndio tiba bora kwa mtoto ambaye figo zake zimekufa kabisa. Hata hivyo, ni kosa kuichukulia tiba hiyo kama safari inayokoma siku ya upasuaji. Ufanisi wake hutegemea zaidi yale yanayofanywa nyumbani, kabla ya mtoto kulazwa na miaka mingi baada ya jeraha kupona.

Zaidi ya kuchuja mkojo

Binadamu huzaliwa na figo mbili, moja kila upande wa uti wa mgongo, chini kidogo ya mbavu. Kila figo ina vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja. Kwa mtu mzima, vichujio hivyo huchuja takriban lita 180 za majimaji kwa siku. Karibu yote hurejeshwa mwilini, na ni lita moja au mbili tu zinazotoka kama mkojo zikiwa zimebeba taka.

Mbali na kuondoa taka, figo husawazisha chumvi na asidi katika damu na kudhibiti shinikizo la damu. Aidha, hutoa kichocheo kinachouamuru uboho kutengeneza chembe nyekundu za damu, na huiwezesha vitamini D kufanya kazi ya kuimarisha mifupa.

Hii ndiyo sababu mtoto mwenye figo zilizokufa huonekana tofauti na mtu mzima mwenye ugonjwa uo huo. Damu yake hupungua, mifupa hudhoofika na wakati mwingine hupinda, na kimo hudumaa. Anaweza kuwa na umri wa miaka kumi ilhali kimo chake ni cha mtoto wa miaka sita. Kwa watoto wachanga athari huwa mbaya zaidi, kwa kuwa miaka ya kwanza ndiyo ambayo ubongo hukua kwa kasi.

Chanzo cha maradhi

Miongoni mwa watu wazima, kisukari na shinikizo la damu ndiyo maradhi yanayoongoza kwa kuharibu figo. Kwa watoto hali ni tofauti. Wengi, hasa wale wadogo, huzaliwa na hitilafu: figo zilizo ndogo mno, figo ambazo hazikuumbika sawasawa, au njia ya mkojo iliyoziba. Baadhi ya wavulana, kwa mfano, huzaliwa na ngozi nyembamba inayoziba mkondo wa mkojo chini ya kibofu. Mkojo hurudi nyuma na kuziharibu figo polepole. Mtoto wa aina hiyo hukojoa kwa kudondosha matone au kwa kujikakamua, na mzazi anayeliona jambo hilo mapema huweza kumwokoa.

Kundi la pili ni la magonjwa yanayoviharibu vichujio vyenyewe, yakasababisha protini kuvuja kwenye mkojo. Ndiyo yanayoleta ule uvimbe wa macho na miguu. Watoto wengi wenye tatizo hilo hupata nafuu kwa dawa ya predinisoloni. Wale ambao dawa hiyo haiwasaidii ndio walio katika hatari ya kupoteza figo. Pia yapo magonjwa ya kurithi, na maradhi mengine kama selimundu ambayo huweza kudhuru figo.

Ni muhimu kutofautisha kufeli kwa figo kwa ghafla na kule kunakodumu. Mtoto aliyeharisha sana akaishiwa na maji mwilini, au aliyeugua malaria kali, anaweza kuacha kukojoa kwa siku kadhaa. Akipata matibabu ya haraka, yakiwemo ya kusafishwa damu kwa muda, figo zake zinaweza kuzinduka, naye hahitaji kupandikizwa. Upandikizaji ni wa mtoto ambaye figo zake hazitarudi tena.

Mashine si makao

Kusafisha damu hufanywa kwa njia mbili. Ya kwanza hutumia mashine: damu hutolewa mwilini, hupitishwa kwenye kichujio, kisha hurejeshwa. Kwa kawaida mgonjwa hufanyiwa hivyo mara tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara. Ya pili hutumia utando wa ndani ya tumbo la mtoto mwenyewe. Majimaji maalumu huingizwa tumboni kwa mrija, huachwa yafyonze taka, kisha hutolewa. Njia hii huwafaa zaidi watoto wadogo na inaweza kufanyiwa nyumbani usiku, lakini hudai usafi wa hali ya juu na majimaji yasiyokosekana.

Njia zote mbili huokoa maisha. Hata hivyo, hufanya sehemu ndogo tu ya kazi ya figo nzima. Mtoto hupimiwa maji ya kunywa. Ndizi, maparachichi, viazi na maharagwe, vyakula ambavyo mzazi angemhimiza mtoto mwingine ale, huwekewa mipaka kwa kuwa vina potasiamu nyingi, ambayo ikizidi katika damu huweza kuusimamisha moyo. Siku tatu za shule hupotea kila wiki, na kwa familia inayoishi mbali na hospitali yenye mashine, safari zenyewe huwa kazi ya kutwa.

Kwa mtu mzima, miaka mitano ya hali hiyo ni mateso. Kwa mtoto, miaka mitano ni sehemu kubwa ya utoto wake. Kimo kisichoongezeka wakati huo na masomo yanayopotea ni vigumu kufidiwa baadaye. Ndiyo maana madaktari bingwa hupendelea kumpandikiza mtoto figo mapema iwezekanavyo, ikibidi hata kabla hajaanza kusafishwa damu. Watoto waliopandikizwa huishi muda mrefu kuliko wale wanaosalia kwenye mashine, na wengi huanza kukua tena, hasa wakifanyiwa upasuaji wangali wadogo.

Kutoka pacha hadi mzazi

Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofaulu ulifanywa tarehe 23 Desemba 1954 mjini Boston, Marekani. Daktari Joseph Murray alitoa figo ya Ronald Herrick na kuipandikiza katika mwili wa nduguye, Richard. Kilichofanya upasuaji huo ufaulu ni kwamba wawili hao walikuwa pacha wa kufanana, kwa hivyo mwili wa Richard haukuiona figo hiyo kuwa kitu kigeni. Richard aliishi miaka minane zaidi, na Murray akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1990.

Watoto wengi hawana pacha wa kufanana. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huishambulia figo ya mtu mwingine vivyo hivyo. Ilibidi kusubiri dawa zinazoituliza kinga hiyo. Dawa ya saiklosporini, iliyoanza kutumika kwa mapana miaka ya 1980, ilibadilisha mambo. Tangu wakati huo, kumpa mtoto figo ya mzazi wake kumekuwa matibabu ya kawaida katika nchi nyingi.

Katika kanda hii, Kenya imekuwa ikifanya upandikizaji kwa miaka mingi, ikiwemo katika Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi. Tanzania ilianza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mnamo Novemba 2017, nayo Uganda ikafanya wa kwanza katika Hospitali ya Mulago mnamo Desemba 2023. Hata hivyo, si kila hospitali inayowapandikiza watu wazima huwa na wataalamu wa kumhudumia mtoto mdogo, na familia nyingi za Afrika Mashariki zimelazimika kusafiri hadi India.

Nani atoe figo?

Katika baadhi ya mataifa, figo nyingi hutoka kwa watu waliofariki ambao walikuwa wameridhia viungo vyao vitumike. Nchini Kenya, upandikizaji hutegemea watoaji walio hai, aghalabu jamaa wa mgonjwa. Kwa mtoto, wa kwanza kufikiriwa ni mama na baba. Kila mtoto hurithi nusu ya alama za kinga kutoka kwa kila mzazi, kwa hivyo mzazi yeyote huwa amelingana naye angalau kwa nusu.

Kulingana huko pekee hakutoshi. Kundi la damu la mtoaji lazima lipatane na la mtoto. Mwenye kundi O anaweza kumpa yeyote, ilhali mwenye kundi AB anaweza kupokea kutoka kwa yeyote. Kisha damu ya wawili hao hukutanishwa maabarani ili kuona kama ya mtoto ina silaha zilizo tayari kuishambulia figo ya mtoaji. Mtoto aliyeongezewa damu mara nyingi huweza kuwa na silaha hizo. Ndiyo maana madaktari hujaribu kuepuka kumwongezea damu mtoto anayesubiri figo, isipokuwa pale hali inapolazimu.

Mtoaji naye hupimwa kwa kina. Sharti awe mtu mzima, asiwe na kisukari wala shinikizo la damu lisilodhibitiwa, na figo zake zote mbili ziwe timamu. Anayebakia na figo moja yenye afya huishi maisha ya kawaida, kwa kuwa figo hiyo hutanuka na kuongeza kazi. Hata hivyo, si haki kumwambia kuwa hakuna hatari yoyote. Hufariki takriban watu 3 kati ya kila 10,000 wanaotolewa figo. Mwanamke aliyetoa figo anaweza kuzaa, lakini uwezekano wa kupata shinikizo la damu akiwa mjamzito huongezeka kiasi, na hivyo anapaswa kufuatiliwa kwa karibu.

Kwa sababu hiyo mtoaji hana budi kuzungumza na daktari akiwa peke yake, mbali na masikio ya jamaa. Shangazi au mjomba anayeshinikizwa na ukoo ana haki ya kukataa, na hospitali ina wajibu wa kuilinda siri yake. Vilevile sheria ya Kenya, kupitia Sheria ya Afya ya mwaka 2017, hairuhusu kiungo cha binadamu kufanywa bidhaa. Mnamo Aprili 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha huduma za upandikizaji katika hospitali moja ya kibinafsi mjini Eldoret kufuatia madai ya biashara ya figo, na kamati ikaundwa kuchunguza. Mzazi aliyekata tamaa ndiye windo rahisi la madalali. Figo inayonunuliwa kichinichini huenda ikatoka kwa mtu ambaye hakupimwa ipasavyo wala kuelezwa atakayokumbana nayo.

Maandalizi na upasuaji

Kabla ya upasuaji mtoto huandaliwa kwa miezi kadhaa. Kwa kawaida hungojewa afikishe uzani wa takriban kilo kumi ili tumbo lake liweze kuihifadhi figo ya mtu mzima. Mvulana aliyezaliwa na njia ya mkojo iliyoziba hurekebishwa kibofu kwanza, maadamu figo mpya ikiunganishwa na kibofu kibovu itaharibika kama ile ya awali.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalifahamu ni chanjo. Zile zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama ya surua na ya tetekuwanga, kwa kawaida haziruhusiwi baada ya upandikizaji kwa sababu kinga ya mtoto huwa imepunguzwa makusudi. Sharti zikamilishwe mapema. Kijitabu cha kliniki ambacho wengi hukitupa mtoto akianza shule huwa hapo hati ya thamani.

Siku ya upasuaji, figo ya mtoaji huunganishwa na mishipa ya damu ya mtoto, kisha mrija wake wa mkojo hushonwa kwenye kibofu. Kwa mtoto mkubwa figo huwekwa upande mmoja wa chini ya tumbo, karibu na kinena. Kwa mdogo sana huwekwa ndani zaidi na kuunganishwa na mishipa mikuu ya tumbo. Figo za zamani aghalabu huachwa mahali pake. Mara nyingi figo inayotoka kwa mtoaji aliye hai huanza kutoa mkojo punde tu damu inapofunguliwa kuipitia.

Saa ya dawa

Kuanzia siku hiyo mtoto hutumia dawa za kutuliza kinga. Zinazotumika sana ni takrolimasi, maikofenoleti na predinisoloni. Humezwa kila siku, kwa saa zile zile, kwa muda wote ambao figo hiyo itaendelea kufanya kazi. Kipimo kikipungua, mwili huishambulia figo; kikizidi, mtoto hupatwa na maambukizi, na takrolimasi yenyewe huweza kuidhuru figo. Kwa hivyo damu hupimwa mara kwa mara, na hata balungi hukatazwa kwa kuwa huongeza kiwango cha dawa mwilini.

Dawa hizi zina adha zake. Predinisoloni hufanya mashavu kujaa na hamu ya chakula kupanda. Nyingine huweza kuleta kisukari au shinikizo la damu, na kinga iliyotulizwa kwa miaka huongeza hatari ya baadhi ya saratani.

Umri unaotia hofu zaidi ni wa ujana. Mtoto aliyepandikizwa akiwa na miaka minane hupewa dawa na mama yake, naye humeza bila maswali. Akifikisha miaka kumi na mitano hutaka kufanana na wenzake. Huchukia mashavu yaliyojaa, huona aibu kumeza vidonge katika bweni la shule, na kwa kuwa anajihisi mzima, huanza kuruka siku moja, kisha mbili. Vijana wa umri huo ndio wanaopoteza figo zilizopandikizwa kwa wingi kuliko watoto wadogo.

Hatari ni kwamba figo inapoanza kukataliwa huenda kusiwe na maumivu. Kreatinini hupanda katika damu wakati kijana angali anacheza kandanda. Akianza kuvimba, uharibifu huwa umekwisha kufanyika. Wahenga walinena kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye. Hata hivyo, ukali pekee haufai. Kijana huyo anahitaji kufunzwa mapema majina ya dawa zake na kazi ya kila moja, kuhudhuria kliniki akizungumza mwenyewe, na kuwa na mwalimu mmoja shuleni anayeifahamu siri yake.

Aidha, ukweli sharti usemwe kwamba figo iliyopandikizwa haidumu milele. Nyingi hufanya kazi kwa miaka kumi hadi ishirini, nyingine zaidi. Katika aina moja ya ugonjwa wa vichujio, ule unaoacha makovu ndani yake, maradhi hurudia katika figo mpya kwa takriban theluthi moja ya wagonjwa. Mtoto anayepandikizwa leo huenda akahitaji figo ya pili akiwa mtu mzima. Familia nyingi huanza na figo ya mzazi kwa sababu hiyo hiyo: miaka ishirini ijayo mzazi huenda akawa mzee asiyeweza kutoa, ilhali ndugu walio wadogo leo watakuwa wamekua.

Hesabu ya nyumba

Yapo maswali ambayo hayaulizwi katika chumba cha daktari. Mama akiwa mtoaji, yeye na mtoto hulazwa kwa wakati mmoja. Nani atamuuguza mtoto? Nani atabaki na wale wengine nyumbani? Ikiwa mtoaji ndiye anayelisha familia kwa kazi ya mikono, nani ataleta unga katika majuma ambayo haruhusiwi kuinua mzigo mzito?

Fauka ya hayo kuna gharama. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya hazina ya NHIF. Ni busara familia kuuliza kwa maandishi, kabla ya kupanga tarehe, ni sehemu gani ya vipimo vya mtoaji, upasuaji na dawa za kila mwezi itakayolipwa. Michango ya harambee hukusanywa kwa ajili ya upasuaji, lakini ni nadra kukusanywa kwa ajili ya dawa za mwaka wa tatu, ilhali dawa hizo zikikosekana kwa majuma machache tu, fedha zote za awali huwa zimemwagwa.

Ufa usiozibwa

Njia nyepesi kuliko zote ni kuzuia mtoto asifike hapo. Kipande kidogo cha karatasi kinachochovywa katika mkojo huonyesha protini au damu kwa dakika chache, na kinapatikana hata katika vituo vingi vya afya vya kawaida. Mtoto aliyevimba macho, anayekojoa kwa shida, anayepata maambukizi ya mkojo mara kwa mara au asiyeongezeka kimo anafaa kupimwa mkojo na shinikizo la damu. Dawa kama ibuprofeni hazifai kwa mtoto anayeharisha na kutapika, nazo dawa ambazo hazijulikani zimetengenezwa wapi ni za kuepukwa kabisa. Mwaka 2022 makumi ya watoto nchini Gambia walifariki kwa kufeli figo, na uchunguzi ukazielekeza lawama kwa dawa za maji za kikohozi zilizokuwa na sumu.

Kwa yule ambaye figo zake zimekwisha kufa, matumaini yapo. Anaweza kurudi darasani, kunywa maji bila kupimiwa na kuongeza kimo. Daktari humpa figo kwa siku moja. Kuilinda ni kazi ya wale wanaoishi naye, jioni baada ya jioni, saa ya dawa inapofika.